Kuirudisha jukwaani burudani mseto ya Jumapili: niliyojifunza katika kumbi nne

Jambo hili lilianzia kwenye mkeka. Siku ya arobaini ya marehemu baba yangu, baada ya dua kusomwa na sinia za pilau kuondolewa, wazee sita waliowahi kufanya kazi naye katika kundi la sanaa la shirika moja la umma walibaki uani wakizungumza hadi usiku. Baba alikuwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu. Mmoja wa wazee hao, ambaye tangu utoto namwita Baba Mdogo ingawa hatuna udugu wa damu, aliifudikiza ndoo na kuanza kuipiga mdundo waliokuwa wakiingia nao jukwaani, na Shangazi, aliyekuwa mwimbaji na mchezaji wa kundi hilo, akainuka kwa shida ya magoti yake na kuanza kutembea mwendo ule wa zamani. Watoto waliokuwa barazani waliacha michezo yao wakaja kutazama. Usiku ule nilisema mbele ya watu wote kwamba onyesho lao la Jumapili, la ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu, nitalirudisha jukwaani, walau katika kumbi nne, wazee hawa wakiwa bado hai.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye nia kama ile. Niliingia katika kazi hii bila kuuliza maswali niliyopaswa kuyauliza, na gharama yake ilikuwa kubwa, ya fedha na ya mwili wa kijana mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Wasomaji waliozaliwa juzi huenda hawajapata kuiona burudani yenyewe. Katika miaka ya 1980 na 1990, mtu wa Dar es Salaam aliyelipa kiingilio cha Jumapili alasiri katika ukumbi kama wa Vijana pale Kinondoni alipata, kwa kiingilio hicho kimoja, ngoma za makabila mbalimbali, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, kwaya au ngonjera, taarabu, na mara nyingi muziki wa dansi wa kufungia siku. Kulikuwa na kundi la Muungano la Norbert Chenga, lililosifika kwa mchezo wake wa nyoka. Kulikuwa na DDC Kibisa. Kulikuwa na makundi ya jeshi, polisi na magereza. Na kuanzia mwaka 1992 ikaja TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, ambayo ushindani wake na Muungano katika taarabu ya mipasho uliugawa mji mashabiki kama timu za mpira. Mbegu ya yote hayo ilipandwa mapema zaidi. Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 alisema wazi kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho, na baada ya hapo yakaundwa makundi ya taifa ya ngoma, ya sarakasi, ambayo vijana wake walikwenda kujifunza China, na ya maigizo. Makundi hayo yalipovunjwa, kazi ya kufundisha wasanii ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Mimi nilikuwa mtoto wa nyuma ya jukwaa. Nililala juu ya maleba, yaani mavazi ya jukwaani, nikaamshwa kwa makofi. Nilidhani kwa hiyo kwamba nalijua onyesho, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu nililolijua ni vipande vyake tu: sindimba ilichezwaje, lizombe ilichezwaje, bugobogobo na majembe yake ya Kisukuma, mnara wa watu wa ngazi tatu, sahani zinazozunguka juu ya fimbo. Niliandika orodha ya vipande kumi na vinne, nikatafuta watu wa kila kipande, nikaamini kwamba onyesho limekamilika.

Hesabu ya watu ndiyo iliyoniumiza, na naomba anayetaka kuanza aisome sehemu hii mara mbili. Nilitafuta wachezaji ngoma wanane, wapiga ngoma watano, wanasarakasi sita, waigizaji wanne, waimbaji wa taarabu wawili na wapigaji wao wanne, mshereheshaji mmoja na fundi mitambo mmoja. Jumla watu thelathini na mmoja. Baba Mdogo alipoiona orodha alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wote watakula nini?" Akanieleza kwamba kundi lao lilikuwa na watu kumi na wanane na lilijaza saa tano. Mcheza sindimba ndiye aliyepanda juu ya mnara wa sarakasi, akashuka, akajipaka unga usoni na kutoka kama mume mlevi katika kichekesho, kisha akakaa nyuma ya taarabu na kupiga tumba. Waliweza hivyo kwa sababu walikuwa waajiriwa. Shirika liliwalipa mshahara, wakaripoti mazoezini kila asubuhi kama karani anavyoripoti ofisini, na kwa miaka mingi ya namna hiyo kila mmoja akajifunza kazi ya mwenzake. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, waajiri wapya hawakuona sababu ya kulipa mishahara ya wacheza ngoma. Televisheni nayo ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, ikawapa watu vichekesho na muziki nyumbani. Kilichokufa, kwa hiyo, ni ajira iliyomzaa msanii wa kazi nyingi, wala si upenzi wa watazamaji peke yake.

Sikumsikiliza. Nilijibu kwa heshima kwamba nyakati zimebadilika, vijana wa leo kila mmoja ana fani yake. Nililipa posho ya mazoezi ya shilingi 10,000 kwa siku kwa watu thelathini na mmoja kwa siku ishirini na moja mfululizo, yaani shilingi 6,510,000 kabla tiketi hata moja haijauzwa. Maleba yaligharimu shilingi 3,200,000, na kuwamba upya ngoma za Baba na kununua nyingine mbili ilikuwa shilingi 900,000. Nilikuwa na mkopo wa shilingi milioni 8 kutoka chama chetu cha kuweka na kukopa, akiba yangu ya milioni 4, na michango ya ndugu na marafiki ya milioni 6. Nikiulizwa leo, ningesema fanyeni mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi minne, na vijana wachache, na kila kijana afundishwe kazi mbili tangu siku ya kwanza. Ningekuwa na watu kumi na wanane tu, ningeokoa shilingi 4,810,000 katika posho za mazoezi na za maonyesho peke yake, na hiyo, kama mtakavyoona, ni karibu nusu ya hasara yangu yote.

Kuwapata wazee kulihitaji adabu ambayo pesa haiwezi kuwa mbadala wake. Nilikwenda nyumbani kwa kila mmoja, na kwa wengine nilikwenda mara tatu. Shangazi alikataa mara ya kwanza, kwa sababu sasa ni mtu wa swala na wajukuu, na hakutaka kuonekana jukwaani akikata kiuno. Mara ya pili nilimwuliza nini anachoweza kukifanya bila kuona haya, akasema angeweza kuimba akiwa amekaa kwenye kiti, amejitanda. Kiti hicho kikawa sehemu iliyopendwa kuliko nyingine zote. Mzee mwingine, aliyekuwa bingwa wa kupita katika pete za moto, alikubali haraka mno, na mimi nikafurahi badala ya kujiuliza kwa nini. Siku ya nne ya mazoezi aliruka, akaanguka kwa bega, akalia. Maumivu yalikuwa madogo. Alilia kwa sababu mwili wake ulikuwa umemwambia hadharani jambo ambalo alikuwa amejificha nalo kwa miaka ishirini. Tangu hapo niliwaambia wazee wote kwamba kazi yao ni kufundisha, kuelekeza na kutokea kwa muda mfupi, na nilipaswa kuwaambia hivyo kabla ya siku ya kwanza.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Wasanii na waandaaji wako chini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na katika kila halmashauri mtu wa kumwona ni Afisa Utamaduni. Mwendee mapema, chukua stakabadhi kwa kila malipo, na taarifa ya polisi iwe kwa maandishi. Nyimbo za zamani zina wenyewe, hata kama hazisikiki tena redioni. Hakimiliki inalindwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1999, kwa hiyo uliza COSOTA, taasisi ya hakimiliki, kabla ya kupanga nyimbo, maana mimi nililazimika kuziondoa tatu wiki moja kabla ya onyesho la kwanza baada ya familia ya mtunzi mmoja kunipigia simu, na walikuwa na haki kabisa. Na kila mahali watu walituuliza chatu yuko wapi. Chatu ni nyamapori, na kumfuga au kumsafirisha bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa. Tuliamua kumwacha, na sijutii.

Onyesho la kwanza lilikuwa Dar es Salaam. Waliingia watu 412, wengi wao wa umri wangu na zaidi, baadhi wakiwa wamevaa kama walivyovaa siku zile. Vipande vyote kumi na vinne vilikwenda vizuri. Hata hivyo, kufikia saa mbili na nusu usiku nusu ya viti vilikuwa vitupu, na mimi nilisimama pembeni ya jukwaa bila kuelewa. Baada ya kila kipande taa zilizimwa, watu wakasikia meza zikiburutwa na fundi mitambo akisema "moja, mbili, moja, mbili" kwa dakika sita, saba, mara moja dakika kumi na moja, kisha kipande kingine kikaanza. Kwa vipande kumi na vinne hiyo ni karibu saa moja na nusu ya giza. Watu hawakuondoka kwa kuchoshwa na ngoma. Waliondoka wakati wa giza, kwa sababu giza linamkumbusha mtu kwamba daladala za kwao zinakaribia kwisha.

Usiku huohuo, tukiwa tumekaa juu ya masanduku ya maleba, Baba Mdogo aliomba daftari. Alinitajia mfululizo wa onyesho lao, na kwa mara ya kwanza nilisikia mambo ambayo sikuyaona nilipokuwa mtoto. Mdundo wa ngoma inayotoka haukukatika hadi ngoma inayoingia ilipoupokea. Mchekeshaji alitoka mbele ya pazia, akagombana na mtu wa mstari wa kwanza, akaomba maji, akasahau jina la mkewe, na muda wote huo nyuma ya pazia godoro za sarakasi zilikuwa zikitandikwa. Akitaka kujua kama wako tayari alipiga kisigino mara mbili, na wakimjibu kwa kugonga mbao alimaliza utani wake. Sarakasi ziliwekwa mwanzoni au mara baada ya mapumziko, wakati watu bado wanatafuta viti na kununua soda, kwa sababu sarakasi haina maneno ya kumpita mtu. Taarabu iliwekwa mwishoni mwishoni kwa sababu wanawake waliokuja kuwatunza waimbaji kwa pesa walitaka kuonekana, na wakati huo ukumbi umeshajaa. Baadaye nilisoma kuhusu vodevili ya Marekani, ambayo nayo ilikuwa onyesho la vipande vingi vifupi vilivyozunguka miji kwa treni, hadi Palace Theatre ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1913 na kuwa ukumbi wake mkuu, ilipogeuzwa kuwa ya sinema mwaka 1932. Nao waliweka kichekesho mbele ya pazia wakati jukwaa likipangwa nyuma, na watu wa sarakasi waliwatanguliza wakati watazamaji bado wanaingia. Wazee wetu hawakuhitaji kusoma hayo. Kazi yenyewe ndiyo iliyowafundisha.

Jambo lingine lililojitokeza Dar es Salaam ni pesa za kutunza. Shangazi alipokuwa akiimba, watu walipanda jukwaani wakiwa na noti za elfu mbili, elfu tano na elfu kumi, wakimwekea mapajani na kichwani, na zilipohesabiwa zilifika shilingi 386,000. Wapigaji walisema ni zetu sote, mwimbaji wa pili akasema zake zisichanganywe, wacheza ngoma wakasema wao hawatunzwi kwa sababu ngoma iko mbali na watu. Tulikaribia kuvunjika kwa pesa ambazo hazikuwa hata katika bajeti. Shangazi ndiye aliyeamua: katika kundi lao, alisema, pesa zote za kutunza ziliingia katika kapu moja, mwenye kutunzwa akachukua theluthi na kundi likagawana zilizobaki. Tukaandika hivyo na kila mtu akatia sahihi. Andikeni kabla ya kupanda jukwaani, maana makubaliano yanayofanywa wakati noti ziko mezani huacha kinyongo.

Bagamoyo tulikwenda na kurudi siku moja, kwa kiingilio cha shilingi 5,000, na mfululizo mpya wa Baba Mdogo ukafanya kazi. Mji ule una watu waliozoea kuona sanaa, nao hawamsamehei mchezaji mvivu. Walisimama kwenye lizombe, wakaimba pamoja na Shangazi, na hatukuwa na giza lililozidi dakika moja. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na furaha ambayo sasa naiona kuwa ya hatari, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka Morogoro bila kujiandaa.

Kosta tuliyoikodi haikutosha watu, maleba, ngoma na vipaza sauti. Ilinibidi kuchagua nini kibaki. Nilibakisha godoro nne kati ya sita za sarakasi. Kiongozi wa wanasarakasi, kijana wa miaka ishirini na minne, aliniambia, "Dada, hizo godoro tunazihitaji," nami nikamwambia kwamba ukumbi wa kule una jukwaa la mbao, si la saruji, na kwamba tungeazima nyingine tukifika. Nilisema hivyo kwa haraka, nikiwa naangalia saa. Hatukuazima.

Mvua ilianza tulipopita Chalinze na haikukatika. Ngoma za ngozi hulegea kwenye unyevu, na dawa yake ni moto: unakoka moto wa makuti au karatasi, unaikaribisha ngozi hadi ikaze na sauti ipande. Msimamizi wa ukumbi alikataa moto usiwashwe ndani wala karibu na jengo, na kwa upande wake alikuwa sahihi. Uwanja wa nje ulikuwa dimbwi. Wapigaji wetu walijaribu kukausha ngozi kwa pasi ya umeme na kwa taa kubwa ya jukwaani, lakini msondo wa Baba ulitoa sauti kama ya mtu anayepiga gunia. Mcheza ngoma huchezea sikio lake. Mdundo ukilegea, mguu nao unalegea. Waliokuja walikuwa watu 143, kwa sababu gari la matangazo nililolilipia lilipita mara moja tu, na siku ya mvua. Wengi wa hao 143 walikuwa wazee waliotarajia kusikia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mtu wa mji wao, aliyefariki mwaka 1979, nasi hatukuwa tumeandaa hata wimbo mmoja wa Morogoro Jazz, bendi aliyoipigia. Anayekwenda mji wa watu na burudani ya kumbukumbu aulize kwanza mji huo unamkumbuka nani.

Kisha ukaja mnara wa watu. Jukwaa lilikuwa na unyevu ulioletwa na viatu vya watu waliopita nyuma, na godoro mbili zilifunika mbele tu. Kijana wa juu kabisa, mwenye miaka kumi na tisa, aliteleza wakati wa kushuka akaangukia upande usio na godoro. Alijikinga kwa mkono, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Sauti yake niliisikia kabla ya kuona. Mshereheshaji alifanya lililo sahihi: aliwasha taa zote, akawaambia watu ukweli, akaomba aliye na gari. Mtazamaji mmoja, ambaye sikupata hata jina lake, alitupeleka hospitali na kukaa nasi hadi saa nane usiku.

Matibabu yaligharimu shilingi 2,300,000 kwa jumla, pamoja na kurudi kuangaliwa. Sikuwa nimekata bima yoyote ya ajali. Nilipouliza baadaye niliambiwa kundi linaweza kukatiwa bima ya muda wa ziara tu, na bei niliyotajiwa ilikuwa ndogo kuliko niliyolipa kwa gari la matangazo. Fedha nimeshazitaja, lililo gumu zaidi ni kwenda kwa mama yake. Nilikwenda na Baba Mdogo. Mama alitukaribisha, akatupa chai, akasikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Godoro zilikuwa ngapi?" Nilimwambia ukweli, kwamba zilitakiwa sita, zikaenda mbili, na aliyezipunguza ni mimi. Hakunitukana. Alisema amesikia, akaingia ndani. Nimekwenda tena mara nyingi tangu siku ile, na sasa ananipokea kama zamani, lakini sijawahi kulisahau lile sinia la chai ambalo hakuna aliyeligusa.

Nilitaka kuahirisha Tanga. Kikao kilifanyika, na wasanii wenyewe wakasema twende, kwa masharti waliyoyaandika wao: godoro zote sita, kosta pamoja na kirikuu cha mizigo, mnara wa ngazi mbili badala ya tatu, na kiongozi wa sarakasi awe na haki ya kufuta mchezo wake dakika ya mwisho bila kuulizwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi. Masharti hayo yangekuwepo tangu mwanzo, mkono wa kijana yule usingevunjika.

Tanga nayo ilikuwa na lake. Tulipofika saa nne asubuhi tulikuta ukumbi tuliokuwa tumeulipia unapambwa kwa ajili ya harusi. Msimamizi alisema tarehe yetu iliandikwa kwa penseli. Nilikuwa na ujumbe wa simu na uthibitisho wa malipo, sikuwa na mkataba uliotiwa sahihi, na bibi harusi hana kosa katika jambo kama hilo. Tulipata bwalo la shule moja kwa msaada wa Afisa Utamaduni, ambaye alimpigia simu mkuu wa shule mwenyewe. Ni kwa sababu nilimfuata mapema, wiki tano kabla, nikakaa naye na kumweleza nia yetu, kwamba siku ile hakuniona mgeni. Bwalo lilikuwa halina pazia. Tulifunga kanga kumi na nane kwenye kamba, na mchekeshaji wetu akatumia kanga hizo kuwa sehemu ya utani wake, akisoma majina yaliyoandikwa juu yake kama barua alizotumiwa na wapenzi mbalimbali.

Waliingia watu 468. Tanga ni mji wa makundi ya taarabu ya Black Star na Lucky Star, mji uliowapa Waswahili taarabu ya namna yake, na Shangazi aliogopa kuimba mbele yao kuliko alivyoogopa popote. Tulikoka moto wetu nyuma ya jiko la shule, ngoma zikakaa sawa, na saa kumi na mbili jioni msondo wa Baba ulipigwa kwa sauti niliyoikumbuka nikiwa nimelala juu ya maleba. Vijana watano kati ya wetu walicheza vipande vitatu kila mmoja, kwa hiari yao, kwa kuwa walikuwa wamejifunza njiani kwa kuangalia. Shangazi aliimba nyimbo mbili akiwa kwenye kiti chake. Kwenye wimbo wa pili mwanamke mzee alikuja mbele akitembelea fimbo, akamtunza shilingi elfu moja, akabaki amesimama pale amemshika mkono hadi wimbo ukaisha, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Hesabu ya mwisho ni hii. Matumizi yote, pamoja na matibabu, yalikuwa shilingi 30,070,000. Milangoni tulipata shilingi 13,920,000, na michango ilikuwa milioni 6. Nilipata hasara ya shilingi 10,150,000, ambayo naimalizia sasa kwa makato ya kila mwezi. Kila onyesho la nje ya Dar es Salaam lenye kulala lilinigharimu shilingi 4,830,000, kwa hiyo kwa kiingilio cha wastani wa elfu kumi lilihitaji watu 483 ili lijilipe, na hata Tanga, usiku wetu bora, hatukufika hapo. Ningefanya hesabu hiyo kabla ya kukodi kosta ya kwanza, ningetafuta mdhamini wa usafiri, au ningekwenda na watu wachache, au ningepiga usiku mbili katika ukumbi mmoja.

Kijana wetu alitolewa plasta baada ya wiki saba. Hapandi mnara tena kwa sasa. Daktari amemwambia asubiri. Kila Jumamosi anakuja nyumbani kwa Baba Mdogo pamoja na wenzake kumi na wawili kufanya mazoezi uani, na anajifunza kupiga ngoma ya vumi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipata nguvu. Daftari la mfululizo liko kwake. Wiki iliyopita nilimkuta amechora mstari katikati ya ukurasa na kuandika pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kutumia mkono mwingine: godoro sita, ahesabu mtu wa juu mwenyewe.